"Umesoma kwenye simu, eh?"

Hiyo kauli bado inanikereketa. Wiki hii mdogo wangu kavishwa pete, kazini tumeletewa bosi mpya, na mimi hapa bado nabishana na daktari kichwani.

Nilimwambia kwa adabu zote: "Daktari, hiki kikohozi kikavu kilianza baada ya kubadilishiwa dawa ya presha." Yeye macho kwenye kompyuta, vidole vinachapa. "Umesoma kwenye simu, eh?"

Nimeshamjibu nikiosha vyombo, nikiwa kwenye foleni, nikiwa kitandani. Majibu mengine hayaandikiki, mama mkwe anasoma hapa. Siku yenyewe nilisema tu, "Hapana daktari, nimeandika mwenyewe," nikamsogezea karatasi. Tarehe niliyoanza enalapril, hiyo dawa mpya ya presha. Tarehe kikohozi kilipoanza. Usiku kinazidi, makohozi hakuna, homa hakuna, dawa ya maji ya kikohozi haikufua dafu. Chini kabisa, nimepigia mstari: je, ni hii dawa?

Akasoma. Akarudi juu akasoma tena, kidole kikifuata tarehe. Ndipo akanigeukia, kiti na mwili wote, nikaona macho yake mekundu kama ya mtu aliyekesha. "Yawezekana, mama. Dawa za kundi hili huwaletea baadhi ya watu kikohozi cha namna hii."

Akanisikiliza kifua, akaniandikia losartan, dawa nyingine ya presha, mahali pa enalapril, akasema tutapima figo na potasiamu, na kwamba kikohozi chaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha. Nikamrudia maelekezo yote kwa maneno yangu, akanisahihisha mahali pamoja. Hapo nilimpenda, nakiri.

Na jana nimelala fofofo mpaka alfajiri! Baba watoto naye kalala, maana mateso yalikuwa ya wawili. Nimeamka mwepesi, nimepika huku naimba.

Ila nikamfikiria shangazi, yule anayemwitikia daktari "ndiyo, ndiyo" hata akiulizwa jina. Yeye angeambiwa hiyo "eh", angekunja kanga yake, angerudi nyumbani na chupa nyingine ya dawa ya maji. Kliniki ijayo naenda naye, atake asitake. Karatasi nitaandika mimi, ila kusema atasema mwenyewe.

Halafu huyo bosi mpya kaitisha majalada yote ya mwaka jana, yawe mezani kwake Jumatatu. Moja silioni popote.