Kilwa, mahali jahazi lilipogeuzia

Basi liliondoka Mbagala kabla ya jua. Rufiji tuliivuka juu ya daraja la Mkapa bila hata kupunguza mwendo; kabla ya 2003 hapo palikuwa na kivuko, na safari ya kusini wakati wa masika ilihitaji moyo. Somanga wachuuzi wakalizingira basi na samaki wa kukaanga. Nikanunua changu mmoja, mafuta yakanichuruzikia hadi kwenye begi. Nangurukuru tukaiacha njia ya Lindi, tukakata kushoto kwenda Kilwa Masoko.

Kesho yake nikalipia kibali, nikashuka bandarini. Ilikuwa Julai na kusi, upepo utokao kusini, inavuma kwelikweli.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Kwenda ni upepo wa omo, wa mbele, tutatumia mashine. Tanga tutatweka wakati wa kurudi."

Kilwa Kisiwani iko kusini mwa Masoko, ng'ambo tu, unaiona. Lakini mawimbi yalitupokea kwa vibao vya uso na nikafika nimelowa chapachapa. Kitu cha kwanza kukulaki ni Gereza, ngome iliyojengwa na Wareno walipouteka mji mwaka 1505, kisha Waomani wakaijenga upya. Juu zaidi, kwenye miti, ndipo penye Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11. Ile yenye kuba na matao iliongezwa baadaye. Vyote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani mna ubaridi, na mijusi haikujali kabisa kwamba nimevua viatu.

Habari za kale za Kilwa zasema kwamba Ali bin al-Hasan, Mshirazi, alikinunua kisiwa hiki kwa nguo ya kutosha kukizunguka. Mimi nilitembea kipande tu cha pwani yake miguu ikauma, kwa hiyo mfalme aliyeuza hakupunjwa sana.

Husuni Kubwa iko mbali na magofu mengine, nje kabisa kwenye genge la bahari. Ni jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyemkaribisha Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, mwaka 1331. Nilikaa ukingoni mwa birika lake lenye pembe nane, sasa kavu, nikitazama bahari. Siku zote nilidhani Kilwa ilitajirika kwa kuwa karibu na dhahabu. Kumbe dhahabu ilikuwa mbali, bara ya Zimbabwe, ikishukia pwani ya Sofala, Msumbiji ya leo. Kilichokuwa karibu ni mwisho wa upepo. Jahazi lililotoka Arabuni au Gujarat, India, na kaskazi, upepo utokao kaskazini, liliweza kufika hapa, likauza, likanunua, likageuka na kusi kabla mwaka haujaisha. Likithubutu kwenda hadi Sofala, msimu wa kurudi ungelipita. Basi mgeni akasubiri Kilwa, na wenyeji wakaifuata dhahabu kwa vyombo vyao na kuiuza kwa bei yao. Masultani wakapiga hata sarafu zao za shaba; mwaka 1944 tano ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, kila mtu ana hadithi yake.

Alasiri nahodha alizima mashine kabla hatujauacha mkondo. Vijana wawili wakavuta kamba, foromali, boriti ya kubebea tanga, ikapanda, tanga likatanuka kwa mshindo mmoja. Kelele zote zikaisha. Mashua iliyokuwa ikigombana na kila wimbi asubuhi sasa ilikuwa inateleza, na nguo zangu zilikauka njiani.

Nikamuuliza, na chombo hiki, tungeweza kwenda Unguja?

"Hata leo, ukiwa na nauli," akasema, jicho likiwa tangani. "Ila kurudi utasubiri Disemba."