Mlinzi wa Mkate

Kwa muda mrefu katika kazi yangu ya kutafsiri nimekuwa nikiliandika neno la Kiingereza «lord» kuwa «bwana» bila kusita wala kujiuliza limetoka wapi. Siku moja, nikiwa natafuta neno la jirani yake katika kamusi ya asili ya maneno, jicho langu lilitua kwenye mstari wa herufi ndogo chini ya «lord», na hapo nikakuta neno refu lisilofanana nalo hata kidogo: «hlafweard». Nilisahau nililokuwa nikilitafuta.

Neno hilo ni la Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa Uingereza tangu karne ya 5 hadi kiasi cha karne ya 12, nalo ni mwungano wa maneno mawili. «Hlaf» ni mkate na «weard» ni mlinzi. Basi yule mkuu tunayemwita bwana, mwenye ardhi na heshima zake zote, katika shina la neno lake ni mlinzi wa mkate.

Mtu anaweza kushangaa jinsi mlinzi wa mkate alivyokonda hadi kubaki silabi moja, lakini safari hiyo inafuatika hatua kwa hatua. Kwanza «hlafweard» lilifupika likawa «hlaford». Ile «f», kwa kuwa ilisimama kati ya irabu mbili, ilitamkwa «v»; pumzi ya «h» iliyotangulia «l» ikaanguka; tukapata «laverd» na «loverd» katika maandishi ya Zama za Kati. Litamke «loverd» mara kumi kwa haraka, nawe utahisi jinsi mdomo wa chini unavyochoka kuyafuata meno ya juu, hadi «v» inamezwa na kinachobaki ni «lord». Huko Uskoti wakabaki na umbo lao, «laird», ambalo hutumika hadi leo kwa mwenye shamba kubwa.

Neno «hlaf» lenyewe halikupotea. Liko katika «loaf», ambalo siku hizi ni mkate mmoja mzima, ingawa zamani lilikuwa jina la mkate kwa jumla, kabla neno «bread» halijachukua nafasi hiyo. Katika Injili zilizotafsiriwa kwa Kiingereza cha Kale, waumini wanaofundishwa Sala ya Bwana wanaomba wapewe «hlaf» ya kila siku. Hapa ndipo nilipoanza kulipenda neno hili kwa dhati, kwa sababu wafasiri wa Biblia yetu ya Muungano, walipofika kwenye mstari huohuo, hawakuandika mkate. Waliandika «Utupe leo riziki yetu». Naona walikuwa sahihi kabisa. Mkate wa sala ile ni kila kitu kinachomfanya mtu aamke kesho, na kwa mizani hiyo «hlafweard» tungemwita mlinzi wa riziki. Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi, nao Waingereza wa kale, bila kutusikia, waliuweka mkono wenye mkate ndani ya jina la mkubwa wao.

Kutoka nyumbani neno lilipanda hadi kwa wafalme, na kutoka kwa wafalme hadi mbinguni. Washairi wa kale walikuwa na neno jingine kwa Mungu, «dryhten», lililotokana na kiongozi wa kundi la wapiganaji, lakini taratibu lilisukumwa pembeni na mlinzi wa mkate akakaa mahali pake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika «LORD» kwa herufi kubwa karibu kila ilipotaka kulisitiri jina la Mungu la Kiebrania.

Neno «lady» lina undani zaidi, na nasikitika kwamba watu hulipita haraka. Asili yake ni «hlæfdige», na sehemu ya pili ya neno hilo inatokana na mzizi wenye maana ya kukanda. Ni mkandaji wa mkate, mwanamke ambaye viganja vyake vimezama katika unga na maji. Mzizi huohuo umezaa «dough», yaani donge la unga uliokandwa, na pia neno la kale «dæge», mtumishi wa kike mwenye kuoka, ambalo baadaye lilihamia kwa mkamuaji wa maziwa na kutuachia «dairy». Hata hivyo «hlæfdige» halikubaki jikoni. Æthelflæd, binti wa mfalme Alfred, aliyeitawala Mercia, nchi ya katikati ya Uingereza, hadi kifo chake mwaka 918, aliitwa «Myrcna hlæfdige», bibi wa Wamercia. Alijenga ngome, na mwaka 917 majeshi yake yaliuteka mji wa Derby kutoka kwa Wadenmarki. Aliyafanya hayo yote akiwa amebeba cheo ambacho ndani yake mna mikono ya kukanda unga.

Kama yupo mlinzi wa mkate na yupo mkandaji wake, lazima awepo na anayeula. Yupo, nami nilimkuta katika sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, zilizoandikwa mwanzoni mwa karne ya 7 na kutufikia kupitia nakala ya karne ya 12 iliyotengenezwa Rochester. Humo anatajwa «hlafæta», mla mkate, yaani mtu anayeishi chini ya paa la mwingine na kulishwa naye. Sheria inasema kwamba atakayemuua mla mkate wa mkulima huru atalipa shilingi 6, na aya inayofuata inahamia watu wa tabaka lingine. Mlinzi wa mkate leo ana baraza la bunge lenye jina lake mjini London, «House of Lords», na jina la mkandaji huitiwa wanawake kila siku popote Kiingereza kinaposemwa. «Hlafæta» halikuacha hata neno moja la uzao wake katika Kiingereza cha sasa.