Nilivyofika leseni kamili ya ualimu Massachusetts

Kwetu Kenya usajili wa mwalimu ulikuwa jambo fupi. Unahitimu, unapeleka vyeti TSC, tume ya serikali ya walimu, unapewa namba, na namba hiyo inabaki yako hata ukihamishwa kutoka Kisii hadi Garissa. Huku Massachusetts leseni ina ngazi, na ukipanda moja unaanza kuhesabiwa miaka ya kupanda nyingine. Wakenya tuko wengi hapa Lowell, na mara kwa mara baada ya ibada mtu huniuliza: "Mwalimu, si ulipata leseni juzi? Hii nyingine tena ni ya nini?" Nimeeleza kwa mdomo hadi nimechoka, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Ngazi ya kwanza naipita haraka. Inaitwa Provisional, na hupewa mwenye shahada aliyefaulu mitihani ya jimbo, MTEL: ule wa kusoma na kuandika, pamoja na ule wa somo lake. Shahada ya nje hukaguliwa kwanza na wakala anayekubalika, na ripoti iwe ya kozi moja moja. Ile ya jumla ni nafuu lakini haitakusaidia. Ngazi ya pili ni Initial. Hapa unatakiwa umalize programu ya ualimu inayotambuliwa, ufanye mazoezi ya kufundisha yasiyopungua saa 300, na upate idhini ya SEI, yaani ya kufundisha somo lako kwa watoto ambao bado wanajifunza Kiingereza. Wenzangu Wamarekani walilalamikia sana hiyo SEI. Mimi niliyejifunza kuzidisha na kugawanya kwa lugha yangu ya tatu, nilikuwa najua tangu utotoni kile walichokuwa wanafundishwa kwa slaidi.

Basi tuje kwenye Professional, yaani leseni kamili, ambako vijana wengi hukwama. Leseni ya Initial ni ya miaka mitano, lakini ni miaka ya kuajiriwa kwa leseni hiyo. Ukikaa nyumbani kulea mtoto, muda huo hauliwi. Ili upande, uwe umefundisha miaka mitatu kamili, uwe umepitia mwaka mmoja wa kuelekezwa kazi ukiwa na mwalimu mlezi, halafu, baada ya mwaka huo, uwe na saa 50 nyingine za ulezi. Kisha kuna sharti la masomo, nitalifikia.

Saa 50 ndizo zinazosahaulika, na sababu yake naielewa. Mwaka wa kwanza shule inakushika mkono: mlezi umepangiwa, vikao viko kwenye ratiba, kila mtu anakuuliza unaendeleaje. Mwaka wa pili unaonekana umeshazoea, na hakuna anayekukumbuka. Nilimwendea mwalimu mkuu mapema nikamwomba mlezi wa kuendelea naye. Tulikubaliana tukutane saa za maandalizi. Mara aje darasani kwangu aniangalie nikifundisha sehemu, mara mimi niende kwake, mara tukae na madaftari ya wanafunzi tuone walikosea wapi. Kila kikao nilikiandika: tarehe, muda, tulichofanya, na sahihi yake. Alikuwa akinicheka, "Wewe unanitilisha sahihi kama karani wa benki." Mali bila daftari huisha bila habari, na nilimwambia hivyo kwa Kiingereza kibovu, akacheka zaidi.

Daftari hilo lilinifaa kuliko nilivyotegemea. Kabla ya kutimiza miaka mitatu nilihamia shule nyingine. Yule mlezi akastaafu, na ofisi ya kule nilikotoka haikuwa na rekodi yoyote ya vikao vyetu. Nilipeleka nakala za kurasa zote, wakazilinganisha na ratiba zao, wakanitilia sahihi uthibitisho. Bila hizo ningeanza upya na mlezi mpya. Kwa hiyo, ukiwa unahama, omba barua ya kuthibitisha miaka yako ya kazi na saa zako za ulezi kabla hujarudisha funguo za darasa.

Upande wa masomo kuna njia kadhaa. Iliyo fupi ni krediti 12, yaani vipimo vya masomo ya chuo, za kiwango cha uzamili zinazohusu somo la leseni yako. Nyingine ni shahada ya uzamili yenyewe. Watu watakuambia uchukue krediti 12 umalize, na kama una leseni tu akilini wana haki. Ila usiamue kabla hujasoma jedwali la mishahara la wilaya yako ya elimu. Mshahara hupanda kwa miaka ya kazi, na pia huhama safu kulingana na elimu, na mwenye uzamili yuko safu nyingine kabisa. Mimi nilipiga hesabu, maana ndiyo kazi yangu, nikaona tofauti ya safu ingerudisha karo. Nikasoma jioni hadi nikamaliza.

Baada ya hapo maombi yenyewe ni kazi ya kuketi mbele ya kompyuta: unajaza kwenye akaunti yako ya idara ya elimu ya jimbo, unapakia uthibitisho, chuo kinatuma transkripti, unalipa, unangoja.

Leseni kamili nayo hufanyiwa upya kila miaka mitano, kwa pointi 150 za mafunzo ya kujiendeleza kazini. Angalau 15 ziwe za somo lako, 15 za mbinu za kufundisha, 15 za SEI, na 15 za kufundisha watoto wenye ulemavu au wanaojifunza kwa njia tofauti. Zilizobaki 90 unachagua. Mpango wako huidhinishwa na msimamizi. Angalia pia kwamba mafunzo yasiyofika saa 10 katika mada moja hayahesabiki, kwa hiyo zile semina za alasiri moja zenye kahawa na keki, kama hazina mwendelezo, zinakupa keki tu. Ada ni dola 100 kwa leseni kuu na 25 kwa kila ya ziada. Vyeti havitumwi, unavihifadhi, kwa kuwa idara inaweza kuvidai wakati wowote.

Krediti moja ya uzamili ina pointi 22.5. Sasa nasoma kozi ya takwimu ya krediti tatu, ambayo peke yake ni 67.5. Niliiweka kando makusudi mpaka leseni kamili itoke, kwa sababu pointi lazima zipatikane ndani ya kipindi cha leseni unayoifanyia upya.