Nyaya nene za ethi: gari yangu kweli ilibadilika, ila sio kwa sababu niliyoambiwa

Naandika hii sasa hivi kabla sijapoteza namba, maana nilizichora kwa penseli nyuma ya boksi la zile nyaya na boksi lenyewe limeshaanza kulowa mafuta.

Kwa wiki kadhaa gari ilikuwa inawaka kivivu. Asubuhi ukipiga stata unasikia ule mlio wa kujivuta, ngwee... ngwee... ngwee, taa za dashibodi zinafifia mpaka unasema leo haiwaki, alafu inawaka. Ikishawaka inatembea vizuri tu, ila usiku taa za mbele zilikuwa za njano njano na ukiongeza feni ya ndani unaziona kabisa zinashuka. Betri nilishabadilisha miezi michache nyuma kwahiyo nikajua tatizo haliko hapo. Kila niliyemuuliza akanambia funga nyaya nene za ethi, yaani zile za kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, ile seti inayokuja na nyaya tano za rangi na kibati cha kuunganishia, gari inakuwa nyepesi, inachomoka, mafuta inapunguza, hata gia zinaingia laini. Nikanunua, nikafunga, na ukweli ni kwamba gari ilibadilika siku hiyohiyo, stata ilizunguka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia tangu niwe nayo.

Wengi wanaishia hapo na wanaenda kuwasimulia wenzao, na siwalaumu kwa sababu walichokiona wamekiona kweli. Mimi sikuishia hapo kwa sababu moja tu, kabla ya kufunga nilikuwa nimepima na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme.

Kwa ambaye hajawahi kulifikiria hili: umeme ukitoka betri lazima urudi betri. Kwenda, kila kitu kina waya wake, taa ina wake, feni ina wake, stata ina wake mnene. Kurudi, karibu vyote vinarudia kwenye chuma cha bodi na cha injini, alafu kwenye nyaya chache za ethi mpaka kwenye nguzo ya hasi. Na injini haijashikana na bodi chuma kwa chuma, imekaa juu ya maunti za raba ili isitetemeshe gari, ndio maana kuna ule mkanda wa waya uliosukwa unaotoka injini kwenda bodi. Ule mkanda ukikatika umeme haukubali kukaa, unatafuta njia nyingine, na kwenye magari ya zamani ulikuwa unapita hata kwenye kebo ya akseli, unashangaa kebo inachemka na plastiki yake inayeyuka.

Sasa kupima. Watu wengi wanaweka multimita kwenye omu, yaani kupima ukinzani, wanagusa huku na huku, wanaona sifuri wanasema ethi nzima. Hapana, kipimo hicho kinadanganya. Waya ukibaki na nyuzi tatu tu hazijakatika bado multimita itasoma vizuri, kwa sababu yenyewe inapitisha umeme mdogo mno, wakati stata inavuta ampia 100 mpaka 200 na nyuzi tatu haziwezi huo mzigo. Ethi inapimwa ikiwa kazini. Weka multimita kwenye volti za DC, pini nyeusi kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, nasisitiza nguzo, sio ile klemu inayoishika, maana tatizo linaweza kuwa hapohapo katikati yao, pini nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, alafu mtu mwingine apige stata sekunde mbili tatu huku wewe macho yako kwenye kioo cha multimita. Kungekuwa hakuna upotevu kabisa ingesoma sifuri. Mafundi wengi wanakubali mpaka volti 0.2, ikizidi hapo unaanza kutafuta.

Yangu ilisoma 0.9.

Yaani karibu volti nzima inapotea njiani kurudi tu, upande wa hasi peke yake, na stata ndio inanyimwa hiyo volti. Nikapima na ethi ya taa za mbele, injini inawaka, taa zimewashwa: 0.6. Hiyo ndogo kwa kuisema lakini kwa balbu za halojeni ni kubwa, mwanga wake haushuki sawasawa na volti, unashuka kwa kasi zaidi, ukitoa volti 0.6 kwenye 13.8 unapoteza karibu asilimia 14 ya mwanga. Ndio ile njano niliyokuwa naiona barabarani usiku, na hilo ni jambo la usalama kabisa.

Wakati wa kufunga seti ndio nikaona kilichokuwa kinaendelea. Ile bolti inayoshika waya wa hasi kwenye gia boksi nilipoilegeza, chini ya kile kijicho cha waya, ile pete ya chuma ya mwisho wa waya inayopitiwa na bolti, kulikuwa na tabaka la kutu ya kahawia, na pembeni unga wa kijani umejaa mpaka umeingia ndani ya ngozi ya waya. Ile ya kwenye bodi ndio iliniuma zaidi, kuna mtu alishawahi kuipaka rangi sehemu ile na akarudishia kijicho juu ya rangi! Umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti tu. Na ule mkanda uliosukwa wa kutoka injini ulikuwa umekatika kama theluthi ya nyuzi zake, ukiukunja unasikia zinakatika nyingine. Nikasugua kote kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga nyaya mpya, nikapima tena. Injini 0.08, taa 0.05.

Hapo nikajiuliza swali ambalo naona watu hawajiulizi: ni waya mpya au ni msasa?

Jumapili iliyofuata nikatoa seti yote. Nikachukua waya wa zamani wa betri, nikakata ile ncha ya kijani, nikaubana kijicho kipya, nikaurudishia palepale kwenye chuma kilichosafishwa na bolti imekazwa sawasawa. Nikapima. 0.11.

Kutoka 0.9 mpaka 0.11 ni kazi ya msasa na kijicho kipya. Kutoka 0.11 mpaka 0.08 ni kazi ya seti. Nilipiga stata mara kadhaa na masikio yangu hayakuona tofauti yoyote, na nilimwambia mke wangu akae pembeni asikilize naye bila kumwambia nimefunga ipi, hakuona pia.

Na hesabu inakubaliana na hilo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 25, nusu mita, una ukinzani wa kama omu 0.00034. Stata ikivuta ampia 150 unapoteza volti 0.05 tu. Ukiweka waya wa milimita za mraba 50 unapoteza nusu yake, umeokoa volti 0.025. Injini ikishawaka stata haina kazi tena na umeme unaopita hapo ni mdogo zaidi, kwahiyo hata hiyo 0.025 haipo. Waya wenyewe haukuwa tatizo, tatizo lilikuwa pale unapogusana na chuma.

Kuhusu nguvu ya injini wakati unatembea naomba nieleweke vizuri. Nguvu inatoka kwenye hewa na mafuta. Cheche ya plagi kazi yake ni kuwasha, ikishawasha mchanganyiko imemaliza, cheche kali zaidi haiongezi mlipuko. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inajua volti za gari kila wakati na inarekebisha muda wa koili inayotengeneza cheche na wa nozeli zinazomwaga mafuta kulingana na volti hizo. Na sensa nyingi hazitumii ethi ya bodi kabisa, zina waya wake wa kurudi mpaka kwenye kontrol boksi, kwahiyo waya mnene wa bluu unaoonekana juu ya injini haujaigusa hata moja. Kama ethi ya injini au ya kontrol boksi ilikuwa mbovu kiasi cha kufanya gari ikose moto au isome vibaya, ukiitengeneza gari itabadilika sana, lakini hapo umerudisha nguvu iliyokuwa imepotea, hujaongeza zaidi ya ile ya kiwandani.

Halafu kuna kitu kingine kinachowafanya watu waapie hizi seti. Ili kuzifunga unatoa betri, na magari mengi ukitoa betri kontrol boksi inasahau yale iliyojifunza, kuhusu mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama bila kukanyaga akseli, kuhusu mafuta, kuhusu gia za otomatiki. Siku kadhaa zinazofuata inajifunza upya na gari unaihisi tofauti, na kwa kuwa umetoka kufunga nyaya, sifa zinaenda kwa nyaya.

Sisemi nyaya nene hazina maana. Kama una amplifaya kubwa ya muziki ya wati 1000, hiyo inavuta zaidi ya ampia 80, au una winchi, au umehamishia betri kwenye buti, au umeweka altaneta kubwa kuliko ya mwanzo, hapo lazima ethi inenepe na upande wa chanya nao unenepe, kunenepesha mmoja tu ni nusu ya kazi.

Ukiamua kufanya mwenyewe, anza kutoa hasi na iwe ya mwisho kurudisha. Sugua mpaka chuma kitupu, kaza, alafu ndio upake grisi kwa juu kuzuia maji, sio grisi kwanza. Acha waya ulegee kidogo kwa sababu injini inacheza, na usipitishe karibu na bomba la moshi. Na angalia sana klemu ya hasi, magari ya siku hizi mengi yana kisensa kidogo pale kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka betri, ukifunga waya wako wa ziada moja kwa moja kwenye nguzo unakipita pembeni na hesabu za kuchaji zinaharibika. Kwenye gari ya hivyo unafunga kwenye bodi au kwenye injini.

Mimi nimebakiza waya mmoja tu wa seti, ule wa kutoka injini kwenda bodi, kwa kuwa mkanda wa zamani ulikuwa haufai tena. Minne mingine iko kwenye boksi. Upande wa chanya, kutoka altaneta mpaka betri, bado sijaupima, nitaupima Jumamosi hii nikipata mtu wa kunisaidia kushika pini, na namba nitaziweka hapahapa.