Gari la Moto

Nilikuwa mwanafunzi Charlottesville, Virginia, na jioni za Jumamosi nilifanya kibarua katika ukumbi wa muziki: kupanga viti, kutandaza nyaya za spika. Babu alikuwa amefariki Machi ile. Nauli ya kurudi Moshi sikuwa nayo, kwa hiyo sikumzika.

Jumamosi moja wanamuziki wanne walipiga "Elijah's Chariot", yaani Gari la Eliya, kazi ya Judith Shatin. Mama huyu alifundisha chuoni hapo miaka mingi, na mwaka 1987 alianzisha kituo cha muziki wa kompyuta. Kazi hii aliitungia Kronos Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne la Marekani, mwaka 1995: violini mbili, viola, selo, na sauti zinazotoka kwenye spika. Nilimwuliza fundi mitambo ni sauti za nini. Akasema, pembe ya kondoo.

Shofari! Zile za kuta za Yeriko. Nilizijua tangu shule ya Jumapili, ila masikio yangu hayakuwahi kuzisikia. Hazilii kama tarumbeta za kanisani kwetu. Ndani ya sauti mna mkwaruzo wa pumzi, kama mtu anayeita huku kilio kimemkaba. Kompyuta ilikuwa imeivuta na kuikunja sauti ile mpaka sikujua pembe inakomea wapi na nyuzi zinaanzia wapi.

Babu ndiye aliyetusomea habari ya Eliya, jioni, kwa taa ya chemli. Akisema "gari la moto", mimi niliona garimoshi la Tanga likiondoka stesheni ya Moshi huku linawaka. Siku zote nilimtazama Eliya aliyepanda. Ukumbini mle, kwa mara ya kwanza, nilimwona Elisha, mwanafunzi wake, aliyebaki chini akilia "Baba yangu, baba yangu", akichana nguo zake. Niliweka nyaya chini nikakaa sakafuni.

Kisha kukaja wimbo wa taratibu, na bibi mmoja mzee safu ya mbele akaufuata kwa kuguna, midomo imefumbwa. Watu walipotoka nilimwendea. Akanieleza ni Eliyahu Hanavi, Eliya Nabii. Wayahudi huuimba Sabato inapokwisha, nyota tatu zikishaonekana: hunusa viungo, huzima mshumaa kwa divai, humwomba Eliya aje. Usiku wa Pasaka humwekea kikombe chake na kumfungulia mlango.

"Kwa hiyo bado mnamngoja, mama?"

"Kila juma," akasema. "Hata leo, kabla sijaja hapa, tumemwimbia."

Nilinunua kadi ya simu njiani. Kwangu ilikuwa karibu saa sita usiku. Moshi kulikuwa kumekucha, Jumapili, na bibi yangu alikuwa anajiandaa kwenda ibadani.

"Bibi, nisomee Eliya. Wafalme wa Pili, mlango wa pili."

Hakuuliza kwa nini. Nilimsikia akivuta kiti, akifungua Biblia ya babu, akipangusa miwani.