Maswali yaleyale kwa kila nyumba

Mimi ni asistanti sosiali, yaani mfanyakazi wa ustawi wa jamii, hapa Lubumbashi, Kongo, na familia ninazozitembelea nyingi ziko kwenye komini za Katuba na Kenya. Zamani tuliuliza habari za hatari kwa mtoto pale tu tulipoona alama: mtoto ana kovu, ameacha shule, jirani amekuja kulalamika. Familia inajua mara moja kilichokuleta. Baba anakunja uso, mama mkubwa anajibu kwa niaba ya wote, mtoto anatazama miguu yake.

Sasa nauliza kila familia, hata yenye kapeti na televisheni kubwa, na nalisema hilo kabla sijakaa vizuri: "Mama, maswali haya nauliza kila nyumba ninayoingia." Lazima iwe kweli, maana watu wa avenyu moja wanaongea. Ukiiruka nyumba ya mchungaji, kesho wote wanajua.

Fishi yetu, yaani karatasi ya maswali, ilianza na kupigwa. Nimelisukuma swali hilo chini. Naanza na usingizi: mtoto analala wapi, na nani, nani anafunga mlango usiku. Halafu chakula: anakula na wenzake au peke yake? Mtu haoni aibu kujibu hayo. Mtoto akilala jikoni peke yake wakati wenzake wako chumbani, na sahani yake imetengwa, nauliza polepole kama nyumba imepata msiba au ugonjwa, na kama kuna anayesema chanzo ni yeye. Tuhuma ya ulozi, yaani uchawi, huwa inaonekana hapo kabla haijafika chumba cha maombi, na mara nyingi inamwangukia yatima au mtoto wa kambo.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inamtia gerezani mwaka 1 hadi 3 anayemtuhumu mtoto ulozi, na faini juu yake. Siitaji mlangoni. Ukiitaja mapema, mtoto anapelekwa usiku kwa ndugu wa Likasi na humwoni tena.

Kumpata mtoto peke yake ndiyo kazi ngumu, nyumba yenyewe ikiwa chumba na sebule. Mimi nategemea maji. Mtoto akitumwa bombani, nambebea bido (dumu) moja na tunatembea sambamba. Bila kutazamana usoni, anaongea. Siandiki kitu njiani. Kabla hatujarudi namwuliza: "Nikienda, nani atakuuliza tulichosema? Atakufanya nini?" Akisita kuingia ndani, kwangu hilo linapita pointi zote za fishi. Wenzangu wanapenda kujumlisha pointi; mimi nimeona jumla ndogo ikificha jibu moja baya sana. Siku hiyohiyo nampigia simu msimamizi, na tunamtafuta kwanza bibi au shangazi wa kumpokea, huku Ofisi ya Mambo ya Jamii ikiarifiwa na, ikibidi, hakimu wa mahakama ya watoto.

Kuna faida ambayo sikuitarajia. Akina mama wa avenyu wameshazoea maswali, na wanalinganisha majibu yao wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alinivuta kando nikitoka kwake, akaniambia kwa sauti ya chini: "Tantine, nyumba ile ya pili, rudi uwaulize tena habari ya sahani." Nilirudi kesho yake asubuhi, wakati wa maji.