Mto uliokuwa "ukipumua" mara mbili kwa siku

Wiki tatu nzima grafu ya kina cha mto ilinichanganya. Kiangazi kimekolea, tone la mvua hakuna, lakini maji yanapanda mnamo saa nne asubuhi, yanashuka saa kumi alasiri, yanapanda tena saa nne usiku. Tofauti ni sentimita 3 tu, ila kwa mto wenye kina cha sentimita 40 hiyo si haba. Nikawashuku wakulima wa juu na pampu zao (wanisamehe).

Mwishowe nikashinda ukingoni, kila nusu saa nikisoma kwa macho rula iliyosimikwa mtoni. 41, 41, 41. Maji hayakutikisika.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye kihisi, yaani kifaa kilichokuwa kikipima kina hicho na kunipa grafu. Aina niliyokuwa nimeizamisha majini hupima uzito wa maji pamoja na wa hewa iliyo juu yake. Mgandamizo wa hewa ukibadilika kwa hektopaskali 1, kina huonekana kubadilika kwa takriban sentimita 1. Na karibu na ikweta, mgandamizo huo hupanda na kushuka mara mbili kila siku. Nilikuwa nachora anga, si mto!

Nikatundika kihisi cha pili hewani, kivulini, nikawa natoa usomaji wake kwenye ule wa majini. Mawimbi yakapungua, hayakuisha: saa za vifaa viwili zilipishana dakika 60. Nilipozioanisha, mstari ukanyooka. Data za zile wiki tatu nilizisahihisha kwa rekodi za mgandamizo za kituo cha hali ya hewa kilicho jirani.